Benchi la Wazee Lisilokalika

Mwaka 1970, nikiwa na miaka tisa, ndipo shida ilipoanza. Baba alifariki, ng'ombe wakagawanywa na ndugu mpaka zikabaki kengele zao tu zimening'inia ukutani kwenye tembe letu la udongo, na mimi nikatolewa darasa la pili kwenda kuchunga mifugo ya watu. Malipo yangu yalikuwa maziwa na mahali pa kulala. Kwa hiyo nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Nasema hivyo kwa majivuno, siombi huruma ya mtu. Wenye shahada zao pale wilayani wamekalia viti nilivyotengeneza mimi.

Useremala niliufuata mjini Dodoma. Nilianza kwa kufagia maranda ya fundi mmoja mkali sana, nikaruhusiwa kushika msasa, baadaye randa, baadaye kalamu ya kupimia. Siku nilipopewa kalamu niliiweka sikioni na sijaitoa mpaka leo, hata kanisani. Nikarudi kijijini kwetu, huku tambarare za Bahi ambako mvua ikikubali tunalima mpunga na ikikataa tunatazamana. Nikaoa, nikazaa, nikajenga nyumba ya bati pale pale lilipokuwa tembe la baba. Sikusaidiwa na mtu. Mke wangu akisoma hapa atasema alinisaidia yeye. Basi, isipokuwa yeye.

Nilipovuka sitini walinichagua kuwa mwenyekiti wa Baraza la Wazee la kijiji. Waliosimama kunipendekeza walitaja hekima, uadilifu na uzoefu. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba walikuwa wanatafuta mtu mwenye sauti ya kufika ofisini bila kipaza sauti. Hiyo ninayo. Nikizungumza gereji kwangu, pale ninaporanda mbao, mbuzi wa jirani wanaacha kula.

Kazi ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya zahanati. Ukutani pale kuna bango linalosema mzee apishwe ahudumiwe kwanza, na bango lenyewe zuri, lina picha ya babu anatabasamu. Lakini chini ya bango hapakuwa na pa kukaa. Wazee wetu walikuwa wanajikalia ardhini tu, huyu kwenye kivuli cha ukuta, yule karibu na tangi la maji, mwingine kule kwenye uzio, na muuguzi akitoka kuita wa kwanza hajui amtazame nani. Akina mama wenye watoto wanapita, vijana wa bodaboda wenye magoti yaliyochubuka wanapita, mzee bado anajizoa kutoka chini.

Nikaenda ofisi ya kijiji. Nikasema. Nikarudi, nikasema tena. Mtendaji wa kijiji, kijana mpole, alikuwa ananiamkia shikamoo huku anakusanya karatasi zake ili aondoke. Mwisho akaniambia: "Mzee wangu, benchi la wazee ni wazo zuri, ila fungu hakuna."

"Nani kaomba fungu?" nikamwambia. "Mimi ni nani hapa kijijini?"

Nikalitengeneza mwenyewe. Nilikuwa na mbao za mninga nilizozitunza kwa ajili ya jeneza langu, kwa sababu simwamini fundi mwingine yeyote kunitengenezea. Nikaona nizitoe, nitakufa baadaye. Likawa benchi refu la kupita kibaraza chote cha zahanati, lina mgongo, lina pa kuegemeza mikono huku na huku, halina msumari unaoonekana. Nilipolipaka vanishi nililizunguka kama mtu anayeangalia gari. Mke wangu alisimama mlangoni akalitazama kwa muda, akauliza kama nimefikiria nani atakaa na nani.

Nikamwambia hayo ni maswali ya kwenye vikao, ayaandike kama hoja.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila Mgogo analijua, na mimi nililijua, ila siku zile lilikuwa limenitoka kichwani kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa uenyekiti. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja. Si ugomvi. Ni heshima. Hamli sahani moja, hamtazamani usoni, hamkai kiti kimoja. Ukimwona anakuja njiani unaingia shambani kwa mtu ukajifanya unakagua mtama. Mama mkwe wangu nimekuwa naye miaka yote hii ya ndoa na nikimchora leo nitachora shuka na fimbo. Akiwa na la kuniambia anamwambia mke wangu, na kama mke wangu hayupo anauambia ukuta. Siku moja paa la jiko lake lilikuwa linavuja, nikamsikia anaulalamikia ukuta kwamba wana wa kike wengine wameolewa na mafundi lakini mvua haijui hilo. Kesho yake nilipanda juu nikaliziba, naye akahama nyumba mpaka nilipoteremka.

Na kijiji chetu kimeoana. Mwenye binti hapa amemwoza pale, mwenye mwana kachukua kule. Wazee wote wa Alhamisi, siku ya kliniki yao, ni wakwe wa wakwe.

Kanisani hakuna shida, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Msibani vilevile. Na zahanati hapakuwa na shida kwa sababu kila mtu alikuwa anachagua ardhi yake. Mimi ndiye niliyeileta shida, kwa mbao za jeneza langu.

Alhamisi ya kwanza nilifika mapema na koti langu la kijivu, koti la vikao. Wazee wakaja. Wakaliona benchi wakasimama. Wakaliangalia. Mmoja anapiga hatua, anaona nani yuko karibu, anarudi. Mwingine anajifunga vizuri shuka anatazama pembeni kama kuna nyoka amelala pale juu. Mimi moyoni nikasema, tazama jinsi uzuri unavyowaogopesha watu wasiouzoea.

Aliyekaa alikuwa mmoja tu, katibu wetu. Huyu ni Mrangi kutoka Busi, kule Kondoa, alikuja hapa zamani na mke wake kufanya biashara ya alizeti, hakurudi. Wakwe zake wote wako huko kwenye vilima. Hapa hana wa kumkimbia. Basi akajikalia katikati ya benchi langu, akanyoosha miguu, akatoa karanga mfukoni, akawa anamenya na kuwatazama wenzake waliosimama juani.

"Karibuni," anawaambia. "Kwani nanuka?"

Nikatoa hotuba. Nikasema haki ya mzee haiombwi ikiwa imesimama, inaombwa ikiwa imekaa. Nilikuwa nimeifikiria sentensi hiyo tangu usiku. Wakapiga makofi, wakabaki wamesimama.

Nikaamua kwamba tatizo lao ni woga na wanahitaji mfano. Kuanzia hapo kila Alhamisi mimi mwenyewe nikawa nakwenda kukaa kwenye ncha ya benchi, upande wa mlangoni, tangu asubuhi mpaka muuguzi afunge, nikizungumza. Nilizungumzia dawa za wazee, kadi za matibabu, barabara, vijana wasioamkia. Wazee wachache wakaanza kukaa, wazee wenzangu wa kiume wasio na wakwe hapa kijijini. Nikahesabu huo kuwa ushindi.

Sasa mama mkwe. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwanza alianza kumwita mbuzi kwa jina la mbwa. Halafu akawa anapapasa moto. Mke wangu alikuwa anakwenda kila jioni kumpikia ugali na mlenda na kumwekea maji mahali pale pale ili asiyapapase. Ikatangazwa kwamba madaktari wa macho watakuja kutoka mjini, watakaa siku chache kwenye kituo cha afya cha kata, watawafanyia wazee upasuaji bila malipo. Ila lazima mtu kwanza aonwe na muuguzi wa zahanati yake, amwangalie macho na kumpima presha, ndipo apelekwe. Ukikosa, unasubiri wakija tena, na wakija tena hakuna anayejua ni lini.

Nililitangaza mimi mwenyewe, nikazunguka nalo kitongoji kwa kitongoji juu ya bodaboda. "Mzee asipofushwe na uvivu," nilisema. Watu walinisikia mpaka ng'ambo ya majaruba ya mpunga.

Jioni ya Alhamisi mke wangu akarudi kutoka kwa mama yake. Nikauliza mama ameonwa? Akasema hapana. Alhamisi iliyofuata, vilevile. Amekwenda na fimbo yake, amefika, amerudi. Nikauliza kwa nini, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasema, "Si umwulize mwenye kiti chake."

Mimi nikaelewa anamsema muuguzi. Ana kiti chake, cha chuma, mle ndani.

Basi damu ikanichemka. Muuguzi mwenyewe si wa kwetu, kaletwa na serikali, binti mdogo, tangu mwanzo nilikuwa nasema hawa watoto wa vyuoni hawana subira na wazee. Mama mkwe wangu mimi, mwenyekiti, anafukuzwa zahanati, kipofu, na benchi nimewatengenezea! Nikaitisha kikao ofisi ya kijiji. Nikavaa koti. Wakaja wajumbe, akaja mtendaji, akaja muuguzi na sare yake, akaniamkia, sikumwitikia vizuri. Nusu ya kijiji ikaja kusimama madirishani, kwa sababu nilikuwa nimewaambia wengi kwamba leo mtu ataumbuka.

Nilisema sana. Nilieleza jinsi mama mzee asiyeona anavyotembea kutoka kwake akiongozwa na fimbo, anafika pale, na mtu asiye na utu anamrudisha bila hata kumgusa. Nikasema mtu huyo ana moyo wa jiwe. Nikasema angekuwa wangu ningemkana. Wanawake wa dirishani walikuwa wamejifunika midomo kwa khanga, nikadhani wanalia.

Muuguzi aliposimama alisema maneno machache tu. Kwamba bibi huyo anamfahamu kwa jina, anamsubiri kila Alhamisi, na hajawahi kumwona mlangoni.

"Sasa anarudishwa na nani?" nikauliza.

Katibu wangu, Mrangi, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, anayemrudisha mama yetu mimi namfahamu. Namwona kila wiki."

"Mtaje."

"Kumtaja naogopa. Ni mtu mkubwa."

"Hapa hakuna mkubwa. Yumo humu?"

"Yumo. Amevaa koti la kijivu."

Nikageuka. Naapa mbele ya Mungu, niligeuka kumtafuta mwenye koti la kijivu. Nikaangalia safu ya mbele, nikaangalia ya nyuma, nikamtilia shaka mzee mmoja mwenye sweta. Dirishani mtu akashindwa, kicheko kikamtoka puani, na hapo ofisi nzima ikavunjika mbavu. Mtendaji aliinamia karatasi zake, mabega yanatikisika. Hata muuguzi, ambaye nilikuwa nimemwita moyo wa jiwe, alikuwa anafuta machozi. Nikajitazama kifuani. Vifungo, mifuko, kijivu.

Kicheko kilipopungua katibu alisema polepole, na sasa hakuwa anatania. "Mama haoni, lakini anasikia. Anafika pale kwenye uzio, anakusikia unahutubia, anavuta shuka usoni anageuza. Mimi nimekaa pale kwenye lile benchi lako namwangalia. Mara ya kwanza nilidhani amesahau kitu nyumbani. Mara ya pili nikaelewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unaongea."

Nilirudi nyumbani nimelikunja koti mkononi. Nilimkuta mke wangu anapepeta uwele, nikamwuliza naye kwa nini hakuniambia kitu cha namna hiyo, mama yake mwenyewe.

"Nilikuambia kabla benchi halijatoka gereji. Ukasema niandike hoja." Akapuliza makapi. "Mama amesema hawezi kumvunjia mkwe wake heshima kwa sababu ya macho. Macho ameshayatumia, anasema, yametosha."

Hayo ndiyo yaliyonikalia vibaya. Mtu yuko tayari kufa gizani ili mimi nisione aibu, na mimi muda wote ule nahutubia juu ya haki zake.

Ilibaki Alhamisi moja kabla ya madaktari wa macho. Wazo langu la kwanza lilikuwa nisiende, basi. Katibu akanikumbusha kwamba hata nikijifungia kabatini, benchi litabaki pale, na mle ndani ya foleni mama ana wakwe wengine wawili, na wazee wengine nao wana wakwe zao, na nani alidhani wale waliosimama wiki zote zile wanasimama kwa sababu ya kupenda jua? Akataja mmoja mmoja. Yule mwenye miguu ya kuvimba. Yule anayepumua kwa shida. Nilikuwa nawaona kila wiki, nikidhani wananisikiliza wima kwa ajili ya heshima.

Jumatano mchana nilichukua msumeno nikaenda zahanati. Muuguzi alitoka akauliza, "Babu, kuna nini tena?" Nikamwambia akae ndani. Nilianza na mgongo. Mninga ukikauka haukubali, unalia chini ya msumeno, na mimi nilikuwa nimeunganisha kwa ndimi, ubao ndani ya ubao, bila msumari, ili lisije likaachana milele. Nilimlaani fundi aliyelitengeneza, alivyojiona. Watu walipita wakasimama wakatazama, na ajabu moja ilitokea siku ile ambayo kijiji kinaikumbuka: sikusema neno.

Nilitoa vigoda. Vifupi, vya miguu minne, vyepesi, mzee anaweza kukinyanyua mwenyewe akakipeleka anakotaka, kwenye kivuli cha ukuta, kwenye tangi, kule kwenye uzio. Muuguzi yeye akafikiria lake, kila kigoda akakiandika namba ubavuni kwa chokaa, ili akitoka aite namba, na mzee ajue zamu yake popote alipojificha. Nilitaka kusema namba zile zingependeza zaidi zikichongwa. Nikajizuia.

Alhamisi yenyewe nilikaa mbali, kwenye kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara, nyuma ya pikipiki, bila koti. Vijana wakaniuliza, "Mzee, leo hutoi hotuba?" Nikawaambia wanyamaze. Nikamwona anakuja. Shuka na fimbo. Alisimama pale kwenye uzio, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza. Alisikiliza sana. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kiganja kabisa, kwa sababu najijua, ningeweza kupiga chafya na hata chafya yangu inafahamika.

Halafu katibu akamletea kigoda pale pale alipo, akamtajia namba yake. Mama akakipapasa. Akakigeuza kitazame ukuta, kwa usalama zaidi, akakaa.

Aliitwa. Aliingia. Akapelekwa kituo cha afya na wenzake kwenye gari la kukodi, akafanyiwa jicho la kwanza, na madaktari walipokuja tena, la pili.

Sasa ngoja nieleze hasara yake. Zamani, akiwa haoni, nilikuwa salama nikinyamaza tu. Niliweza kupita hatua chache kutoka kwake nikiwa nimebana pumzi. Siku hizi ananiona tangu nikiwa kwa mashine ya kusaga. Ananiona kabla sijamwona, na mimi ndiye ninayejikuta miguu ndani ya matope ya jaruba la mtu, nakagua mpunga ambao si wangu, nikisubiri apite. Wiki chache baada ya kufunguliwa bandeji alikuja kumtembelea mke wangu wakati mimi niko gereji, na kupitia ukutani nikamsikia anaongea na ukuta, kwa sauti ya kutosha.

"Kumbe mkwe wangu amezeeka," anauambia ukuta. "Na lile koti, loo. Miaka yote hii nilidhani ni jipya."

Randa ilinisimama mkononi. Sikujibu, kwa sababu ukuta haujibiwi.

Uenyekiti bado ninao. Vikao nahutubia, ila Alhamisi zahanati siendi mpaka mama mkwe awe ameondoka, nami nikienda nakwenda kama mgonjwa, nachukua kigoda changu na namba yangu. Wilayani wameulizia kama naweza kuwatengenezea mabenchi ya wazee kwa zahanati nyingine. Nimewaambia nitatengeneza vigoda, na wakitaka kujua sababu wamwulize katibu, anaisimulia vizuri zaidi kuliko mimi, na anaongeza chumvi pale kwenye sweta.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya bati ya vyumba vinne. Gereji yenye randa, patasi, misumeno na mashine moja ya umeme ninayoiogopa. Shamba la uwele na jaruba la mpunga ambalo mwaka huu lina maji. Ng'ombe, si wengi, na kengele mbili za ng'ombe wa baba. Mke, ambaye hoja zake sasa hazihitaji kuandikwa. Kipande cha mgongo wa benchi, nimekifanya rafu ya vikombe. Jeneza sina, mbao zimekaliwa na wazee. Koti la kijivu, la kazini. Na koti la bluu, jipya, lililoachwa Jumapili juu ya ukuta wa ua wetu, limekunjwa vizuri, bila mtu.